Kambale Wawili Katika Nyumba Moja

Nyumbani kwetu Hima tuna Kambale wawili. Kwa msomaji ambaye si Munande wala Mukonzo nieleze kidogo. Kwetu jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Huku Uganda wanasema Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, lakini hesabu ni ileile. Basi mtu wa kwetu akiingia nyumbani, akasikia Mama anaita "Kambale!" na vijana wawili wanaitika, anaelewa palepale. Kama ana adabu, hatauliza.

Kambale mkubwa ni mimi. Kambale mdogo aliingia katika familia yetu Julai 2013, usiku ule tulipokimbia Kamango kuvuka mto Lamia kwenda Bundibugyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nakumbuka. Mama yake alikuwa jirani yetu, naye mzee wake alikuwa anafanya biashara ya mafuta ya mawese pamoja na Papa. Sitaeleza yaliyowapata, maana wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunayo ya kwetu na hatuhitaji ya mwingine. Niseme tu kwamba Mama alivuka na mtoto mmoja mgongoni ambaye asubuhi yake hakuwa wake.

Tulipoandikishwa, mkalimani alikuwa Mukonzo. Aliposikia Kambale mara mbili, kalamu yake ikasimama, akamwangalia Papa. Papa akasema: "Bote ni batoto yangu." Mkalimani akatafsiri hivyo hivyo. Tangu siku ile karatasi zetu zote zinasema watoto watano, baba mmoja, mama mmoja.

Nauliza katika makala hii swali moja: je, Papa alisema uongo? Na mimi, ninayesoma mambo ya damu na urithi, nina wajibu gani juu ya jibu?

Mwaka wa mwisho wa sekondari nilijaza fomu kwamba nataka kusoma jenetiki ya tiba. Mwalimu wangu wa biolojia alicheka, si kwa ubaya. Akaniambia Uingereza viko vyuo ambavyo kijana anaingia moja kwa moja kusoma digrii ya kwanza ya jenetiki ya tiba, lakini huku kwetu njia ni ndefu: unapita kwanza kwenye udaktari, au maabara, au biolojia, halafu ndiyo unachagua. Leo niko mwaka wa pili wa sayansi ya maabara ya tiba. Jenetiki ni somo moja kati ya mengi, lakini ndilo lililonileta.

Mchungaji wetu aliniuliza, "Sasa hiyo itakupa kazi gani, mwanangu?" Nilimjibu kwa ugonjwa ulio nyumbani. Kambale mdogo ana selimundu. Wengi wetu tunaujua kwa jina la Kifaransa au tunasema tu "mtoto wa SS". Mifupa inamuuma usiku mpaka analia bila sauti, macho yanakuwa ya manjano, na shule anakosa wiki nzima. Uganda ilipima damu za watoto wachanga karibu laki moja kutoka wilaya zote, matokeo yakatoka mwaka 2016: watoto 13 hivi katika kila 100 wamebeba jeni hiyo upande mmoja, yaani AS, na 0.7 katika 100 wanayo pande zote mbili, yaani SS. Hii si habari ya mbali. Nilitaka kujua kinachomuuma ndugu yangu.

Darasani nikakijua. Kila mtu anapokea nakala mbili za jeni ya hemoglobini, moja kwa baba, moja kwa mama. Katika jeni hiyo herufi moja ikibadilika, kiungo cha sita katika mnyororo wa protini kinabadilika nacho. Kwa kosa hilo dogo, chembe ya damu inayokosa hewa inajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mwenye A na S kwa kawaida haugui. Mwenye S mbili ndiye anayelia usiku. Maabara tunaziona kwa macho: tunatia damu kwenye jeli, tunawasha umeme, hemoglobini A inakimbia mbele na S inabaki nyuma. Mistari miwili kwa AS. Mstari mmoja kwa AA, na mmoja kwa SS lakini mahali pengine. Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani sayansi hii haina huzuni.

Mwaka jana kliniki anapotibiwa Kambale ilishauri nyumba nzima tupime, ili sisi wengine tujue kabla ya kuoa na kuolewa. Ni ushauri mzuri. Papa alikwenda bila wasiwasi wowote, na shati la Jumapili. Hakuna aliyemwambia, hata mimi sikuwaza, kwamba kipimo cha ugonjwa ni kipimo cha uzazi pia. Majibu yakatoka: Papa AA. Mama AA. Sisi wanne, AA wote. Kambale mdogo, SS.

Nilisimama na zile karatasi pale barabarani, malori ya saruji yanapita na vumbi lao, na nikaona kwamba mtu yeyote aliyesoma muhula mmoja tu wa somo langu akizipanga hizi karatasi saba mezani atajua jambo ambalo nyumba yetu ilikuwa imelinyamazia zaidi ya miaka kumi.

Darasani niliuliza jambo hili kwa mafumbo, kana kwamba ni la mtu mwingine: wazazi wote AA, mtoto SS, utasema nini? Mwalimu alijibu kama mtu mzima. Alisema kwanza rudia kipimo, maana sampuli zinachanganywa. Uliza kama kuna aliyetiwa damu karibuni, kwa sababu damu ya mwingine inadanganya jeli. Na hata ukiwa na hakika, jiulize ni nani aliyekuuliza swali hilo. Lakini mwenzangu aliyekaa nyuma alisema kwa sauti, "Si rahisi tu? Hao wazazi ni waongo."

Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani.

Mwenzangu hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio, yaliyoanzia Nairobi, ya kupima DNA za familia zilizoomba kuungana na ndugu zao waliokwisha kuhamia kule. Wengi walikuwa Wasomali na Waethiopia. Familia ambazo uhusiano wote waliouandika ulithibitishwa na damu hazikufika 20 katika kila 100. Katika nyingine angalau uhusiano mmoja haukuthibitishwa, au watu walikataa kupimwa. Mlango huo ukafungwa mwaka uleule, ukafunguliwa tena 2012, safari hii DNA ya mzazi na mtoto ikiwa ni sharti. Watu wakasema: ona, wakimbizi ni waongo.

Sitawatetea wote. Tunajuana. Wapo waliouza nafasi ya mtoto aliyekufa. Wapo waliomwingiza shemeji kama mwana ili apate ndege. Nafasi moja ikiuzwa, kuna mwenye haki aliyebaki kambini. Uongo wa namna hiyo una mtu anayeulipia, na si yule anayeusema.

Lakini fikiria pia fomu yenyewe inauliza nini. Katika lugha zetu mdogo wake baba ni baba mdogo. Dada yake mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Watoto wao si "binamu" wa kuhesabiwa mbali, ni ndugu zangu. Mtu aliyelelewa hivyo akiulizwa "watoto wako wangapi?" anahesabu walioko chunguni. Akisema "saba" na damu ikasema "wanne", nani kadanganya? Fomu iliuliza neno moja na kusikia neno lingine. Hata "wangu" haisemi nimempataje. Tunasema shamba langu, kanisa langu, jirani yangu, wala hakuna anayedhani nimevizaa.

Papa nilipomuuliza baadaye alisema hilo kwa kifupi: "Mimi sikusema nilimuzala. Nilisema ni wangu."

Damu imewahi pia kuulizwa maswali mengine makubwa hapa kwetu. Mwaka 1949 madaktari wawili, Lehmann na Raper, walichapisha vipimo vya selimundu vya makabila ya Uganda. Waliokuwa na wabebaji wengi kuliko wote ni Wabamba wa Bundibugyo, karibu 45 katika kila 100. Wataalamu hao walitaka damu iwaeleze makabila yametoka wapi na nani ni ndugu wa nani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1954, Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha maana nyingine: AS inamkinga mtoto na malaria kali. S ni nyingi bondeni kwa sababu mbu ni wengi bondeni. Damu iliyotakiwa kusema kabila ilikuwa inasema mahali watu walipoishi na kilichokuwa kinawaua watoto wao.

Hilo ndilo somo kubwa nililolipata mpaka sasa katika jenetiki, kuliko jeli na umeme. Damu haisemi uongo, lakini inajibu swali lake yenyewe. Ukiipeleka na swali lingine, itakupa jibu la kweli la jambo ambalo hukuuliza, na wewe utalichukua kama jibu la swali lako. Kipimo cha Papa kilijibu: S za mtoto huyu hazikutoka kwa mzee huyu. Hakikujibu: mtoto huyu ni wa nani.

Hapo ningeweza kumaliza makala na sote tukafurahi. Lakini ingekuwa rahisi mno, kwa sababu Kambale mdogo mwenyewe aliuliza.

Pale kliniki kuna picha ukutani. Baba na mama, kila mmoja amepakwa rangi nyekundu nusu. Chini yao watoto wanne: mmoja hana nyekundu, wawili nusu, mmoja mwekundu mzima. Kambale ameiangalia picha hiyo kila mwezi akisubiri dawa. Jioni moja, tukiwa tunamenya matoke nje, akaniambia: "Yaya, ile picha ya ukutani. Papa ni AA, niliona karatasi. Mama pia. Sasa mimi nyekundu yangu niliitoa wapi?"

Nikiri nilichofikiri, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kisayansi: jeni inaweza kubadilika yenyewe. Sentensi hiyo ni kweli, imo vitabuni. Lakini kwamba ibadilike yenyewe herufi ileile, pande zote mbili, kwa mtoto mmoja, ni jambo ambalo hakuna mtu wa maabara atakayeliamini. Ningekuwa nimemdanganya kwa sentensi ya kweli. Nilijiogopa. Niliona jinsi elimu inavyompa mtu nguo safi ya kuuvika uongo. Papa, ambaye hakumaliza shule ya msingi, hajawahi kuwa na nguo hiyo. Yeye alikuwa na "bote ni batoto yangu", akasimama nayo.

Jibu la pili lilikuwa kumwambia kila kitu palepale. Ni haki yake, nilijiambia. Tena ana faida nayo: kuna wajomba na shangazi mahali fulani, labda Butembo, labda kambi nyingine, ambao wanabeba S na hawajui, na watoto wao wanaweza kuzaliwa kama yeye. Naye akioa, kila mtoto wake atapokea S moja kutoka kwake bila kukosa, kwa hiyo mke wake lazima apimwe. Ukweli wa damu si wa kuchezea. Anayesema "upendo unatosha, vipimo vya nini" hajalala chumba kimoja na mtoto wa SS usiku wa baridi.

Lakini habari ile haikuwa yangu. Mimi nilijua herufi mbili. Papa na Mama walijua watu wawili: majina yao, sauti zao, mlango wa nyumba yao ulielekea wapi. Kama ningempa Kambale herufi, angepokea pengo: huyu si baba yako. Wao tu ndio waliokuwa na cha kuweka katika pengo hilo. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, na huwa tunaitumia methali hiyo kufunga mdomo. Mimi nadhani ina kazi nyingine: inakumbusha kwamba mwenye kitanda ndiye mwenye neno, si mpita njia, hata mpita njia akiwa na darubini.

Nikamwambia: "Swali lako ni zuri. Jibu lipo. Sitakudanganya, lakini si mimi wa kulisema. Nipe siku mbili."

Siku hizo mbili zilikuwa ngumu. Mama alikataa. Alisema mtoto mgonjwa haongezewi jeraha. Akasema tena, kwa sauti ya chini, jambo ambalo kila mkimbizi ataelewa: "Na wakijua huko ofisini, watamutosha kwenye karatasi yetu?" Maana faili letu lipo. Siku moja tunaweza kuitwa kwa mahojiano, na tukiitwa, wanaweza kuomba damu. Papa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mutoto ameuliza. Asipouliza, unanyamaza. Akiuliza, kunyamaza ni kuiba."

Walimwambia Jumapili baada ya ibada. Mimi nilikuwepo lakini sikusema kitu. Papa alianza na jina la baba yake, kisha la mama yake, kisha kijiji cha babu yake upande wa Lubero. Alisema walivyokuwa wanacheka. Kambale alisikiliza, akauliza: "Wote wawili walikuwa na nusu nyekundu?" Papa akanitazama. Hilo sasa lilikuwa swali langu. Nikasema ndiyo, lazima, na hawakujua, kwa sababu mwenye nusu haugui. Nikamwambia pia yale ya Allison: kwamba katika bonde la Kamango, lenye mbu wengi vile, nusu ile huenda ndiyo iliyowakinga walipokuwa wadogo. Alifikiri kidogo. Akasema, "Basi zangu zote mbili ni zao." Akaenda kulala mchana, kama kawaida yake anapochoka.

Sijui amelibeba namna gani. Wiki mbili hakumwita Papa kwa jina lolote, halafu akarudi kumwita Papa. Jina lake halijabadilika, na wala halikuwa la uongo wakati wowote: kwa mama yake aliyemzaa alikuwa mvulana wa pili, kama mimi kwa wangu. Ndiyo maana Mama hakulibadilisha. Sasa nadhani ule ulikuwa ukweli ambao Mama aliuacha wazi miaka yote, kwa yeyote anayejua kuhesabu.

Limebaki faili. Papa anasema tukiitwa ataeleza: huyu ni wa kulea, tumemlea tangu hajatimiza mwaka. Upo utaratibu wa kuangalia maslahi ya mtoto wa namna hiyo, na hauanzi kwa kumtoa. Lakini Mama anaogopa, wala siwezi kumwambia hofu yake ni ya bure, kwa sababu kauli ya kwanza iko pale na tarehe yake, na atakayeisoma anaweza kusema alichosema mwenzangu darasani. Mimi nimesimama na Papa. Neno "wangu" lilikuwa kweli mbele ya mkalimani aliyelielewa. Likibaki mbele ya mtu ambaye tunajua analisikia vingine, linaanza kugeuka. Uaminifu si maneno yaleyale kila siku. Ni kuhakikisha aliyekuuliza amesikia ulichomaanisha.

Mwaka 2023, redio za Uganda zilipojaa habari za wanaume wanaopima watoto wao DNA, vijana wa boda boda hapa Hima waliniita "daktari", wakaniuliza ni pesa ngapi. Wakati ule sikujua la kuwajibu zaidi ya bei. Leo ningewauliza kwanza: unataka kujua nini? Kama unataka kujua S ya mwanao imetoka wapi, njoo, tutapima. Kama unataka kujua kama ni wako, rudi nyumbani uangalie nani anaamka naye usiku.

Nitaendelea na masomo haya nikipata nafasi, mpaka jenetiki yenyewe. Nimejua kwamba siku moja nitakaa mezani na karatasi za nyumba ya mtu mwingine, na nitaona katika dakika moja jambo walilolinyamazia miaka. Naomba siku hiyo nikumbuke vumbi la barabarani, na shati la Jumapili la Papa.